Namba za Ubavuni: Kuchagua Saizi ya Tairi kwa Gari la Mbio la Zamani

Jiji la Mwanza limejengwa juu ya miamba. Barabara zake hupanda na kushuka kati ya mawe makubwa ya itale, kisha huteremka hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Gari linalopita katika barabara hizo huigusa ardhi mahali panne tu, yaani pale matairi yanapokutana na lami. Ukubwa wa mahali hapo waweza kukadiriwa kwa hesabu ndogo. Gari dogo lenye watu wawili na mizigo yao huwa na masi ya kilo 1,300 hivi. Kwa wastani kila gurudumu hubeba kilo 325, yaani kani ya nyutoni 3,185. Iwapo hewa iliyomo ndani ya tairi ina kanieneo ya kilopaskali 193, ambayo ni sawa na pauni 28 kwa inchi ya mraba, basi eneo linalogusa ardhi hupatikana kwa kugawanya kani kwa kanieneo: 3,185 ÷ 193,000 = mita za mraba 0.0165, au sentimita za mraba 165. Magurudumu manne kwa pamoja hufikia sentimita za mraba 660, eneo linalokaribiana na ukurasa mmoja wa karatasi ya A4.

Kwenye ukurasa huo mmoja ndiko breki hushika, usukani hugeuza na injini husukuma. Hapana budi, basi, tairi lichaguliwe kwa kipimo. Kwa gari jipya jambo hili si gumu, kwa kuwa saizi ifaayo huandikwa katika kibandiko cha mlangoni na kupatikana dukani. Kwa gari lililoundwa katika miaka ya 1970 hali ni nyingine. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichokuwa kikitengeneza matairi humu nchini, kiliacha uzalishaji katika miaka ya 2000, na saizi nyingi za zamani hazitengenezwi tena kwa wingi popote duniani. Mwenye gari hushawishika kuchukua tairi lolote linaloingia katika rimu. Makala haya yanaeleza kwa nini kuingia katika rimu hakutoshi, na namna mwanafunzi wa sekondari anavyoweza kulifumbua swali hili kwa hisabati aliyokwisha kufundishwa.

Gari la mfano

Mfano utakaotumika ni Datsun 240Z, gari la mbio la viti viwili lililoanza kutengenezwa nchini Japani mwaka 1969. Gari hili lina jina kubwa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walilitumia kushinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa pamoja na Lofty Drews, alishinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo, baada ya kufungana kwa alama na Harry Källström. Magari ya namna hii hayajatoweka: tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano maalumu ya magari ya zamani katika Afrika ya Mashariki, na 240Z ni miongoni mwa yanayoshiriki.

Gari hili lina masi ya kilo 1,040 hivi likiwa tupu. Lilitoka kiwandani likiwa na rimu za chuma zenye upana wa inchi 4.5 na kipenyo cha inchi 14, na matairi yaliyoandikwa 175HR14.

Lugha ya namba

Maandishi ya ubavuni mwa tairi ni sentensi fupi yenye maana kamili. Katika 175HR14, namba 175 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Herufi H ni alama ya mwendo: tairi limejaribiwa kustahimili kilomita 210 kwa saa. Herufi R huonyesha kwamba tairi ni la radiali, yaani nyuzi zake za ndani hutoka ukingo mmoja hadi wa pili zikiukata kwa pembemraba mwelekeo wa mwendo. Ujenzi huo ulipewa hati ya uvumbuzi nchini Ufaransa mwaka 1946 kwa kampuni ya Michelin. Namba 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Matairi ya leo huandikwa kwa urefu kidogo zaidi, mathalani 195/70R14 91H. Hapa imeongezeka namba 70, nayo ni uwiano wa kimo cha ubavu kwa upana wa tairi, ukitajwa kwa asilimia. Kimo cha ubavu wa tairi hili ni asilimia 70 ya milimita 195, yaani milimita 136.5. Namba 91 ni alama ya mzigo, ambayo maana yake itaelezwa baadaye. Tairi la zamani lisilotajwa uwiano huchukuliwa kuwa na ubavu wa asilimia 80 au zaidi kidogo ya upana. Katika hesabu za hapa inatumika 80.

Jambo la kuangalia ni kwamba sentensi hiyo moja huchanganya vipimo vitatu: milimita, asilimia na inchi. Hapo ndipo wengi hupotea. Mtu huona 195 ni kubwa kuliko 175, akadhani tairi la pili lazima liwe refu kuliko la kwanza. Hesabu itaonyesha kwamba sivyo.

Kipenyo na mzingo

Kipenyo kizima cha tairi ni kipenyo cha rimu pamoja na bavu mbili, wa juu na wa chini. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa tairi la asili la 240Z:

Kipenyo cha rimu: 14 × 25.4 = milimita 355.6
Kimo cha ubavu: 175 × 0.80 = milimita 140
Kipenyo kizima: 355.6 + 140 + 140 = milimita 635.6
Mzingo: 3.1416 × 635.6 = milimita 1,997, au mita 1.997

Maana yake ni kwamba gurudumu likizunguka mara moja gari husogea karibu mita mbili, na kilomita moja huchukua mizunguko 501. Kwa hakika tairi lililobeba mzigo hubonyea kidogo upande wa chini, hivyo mwendo halisi wa mzunguko mmoja hupungua kwa asilimia chache. Lakini kwa kuwa matairi yote ya radiali hubonyea kwa namna inayofanana, uwiano kati ya tairi moja na jingine haubadiliki sana, na hapa uwiano ndio unaotafutwa.

Yafuatayo ni matairi sita ambayo mwenye gari angeweza kushauriwa kuyatumia, pamoja na kipenyo, mzingo na tofauti ya kila moja na tairi la asili:

175R14: milimita 635.6, mita 1.997, tairi la asili
195/70R14: milimita 628.6, mita 1.975, pungufu kwa asilimia 1.1
205/60R15: milimita 627.0, mita 1.970, pungufu kwa asilimia 1.4
185R14C: milimita 651.6, mita 2.047, zaidi kwa asilimia 2.5
205/75R15: milimita 688.5, mita 2.163; zaidi kwa asilimia 8.3
195/45R15: milimita 556.5, mita 1.748, pungufu kwa asilimia 12.4

Tairi la 205/60R15, ingawa ni pana kwa milimita 30 na rimu yake ni kubwa kwa inchi nzima, lina kipenyo kidogo kuliko la asili. Ubavu wake mfupi umefidia ukubwa wa rimu. Kawaida inayofuatwa na mafundi wengi ni kutoruhusu tofauti ya mzingo izidi asilimia 3. Kwa kipimo hicho matairi mawili ya mwisho yanaanguka. Sababu za kawaida hiyo zinastahili kuchunguzwa.

Spidomita na breki

Spidomita ya gari la zamani haipimi mwendo wa gari. Huhesabu mizunguko ya shafti inayotoka katika sanduku la gia, na kuifasiri kwa kudhani kwamba mzingo wa tairi haujabadilika. Tairi likibadilika, spidomita huendelea kusema yale yale iliyofundishwa kiwandani.

Chukua dereva aliyevaa gari lake matairi ya 205/75R15 ili kuliinua juu ya mawe. Anapita mjini, na sindano inaonyesha kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi. Mwendo wake halisi ni 50 × 1.083 = kilomita 54 kwa saa. Amevunja sheria bila kujua, lakini hilo ni dogo. Nishati mwendo hufuata mraba wa kasi, hivyo imeongezeka kwa 1.083 × 1.083, yaani asilimia 17. Breki zake sasa zina kazi kubwa zaidi ya kuliondoa joto hilo.

Tena kuna jambo la pili, ambalo husahauliwa mara nyingi. Breki hutoa momenti katika ekseli, na momenti ni kani ikizidishwa kwa nusu kipenyo. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu ile ile, momenti haibadiliki, lakini nusu kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 8.3, basi kani inayolizuia gari pale chini ya tairi imepungua kwa uwiano huo huo. Umbali wa kusimama huongezeka kwa sababu zote mbili: 1.083 × 1.083 × 1.083 = 1.27. Gari lililozoea kusimama ndani ya mita 16 sasa husimama baada ya mita 20 na zaidi, kwa ukanyagaji ule ule wa breki. Mita hizo nne mara nyingi zinatosha kuivuka milia yote ya kivuko cha wenye miguu. Mtoto wa shule anayevuka barabara ya mjini hana habari ya saizi ya tairi, wala hana njia ya kujua kwamba gari limebadilishwa.

Tairi kubwa hudhuru pia upandaji wa vilima. Kani ya injini inayofika barabarani hupungua kama ile ya breki, na dereva hulazimika kurudi gia ya chini mapema. Zaidi ya hayo, tairi huweza kukwaruza madigadi pindi usukani unapokatwa au springi zinapodidimia.

Tairi dogo mno lina kasoro za upande mwingine. Gari lenye matairi ya 195/45R15 litaonyesha kilomita 100 kwa saa wakati mwendo halisi ni 88. Injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa asilimia 14 kwa kila kilomita, hivyo hupiga kelele na kuchakaa upesi. Kadhalika tumbo la gari hushuka kwa nusu ya tofauti ya vipenyo, yaani milimita 40. Katika jiji la miamba, sentimita 4 ni tofauti kati ya kupita juu ya jiwe na kupasua sampu ya oili.

Mzigo, mwendo na rimu

Mzingo ukishakubalika, kazi haijaisha. Tairi la 185R14C linatofautiana na la asili kwa asilimia 2.5 tu, linaingia katika rimu ya inchi 14, nalo ni la aina inayotumiwa na vipanya na pikapu ndogo. Herufi C ya mwisho huonyesha kwamba limeundwa kwa magari ya biashara. Alama yake ya mzigo huwa 102, maana yake kilo 850 kwa tairi moja. Hakuna mchuuzi wa dagaa asiyelipenda.

Kwa gari la kilo 325 kwa gurudumu, hata hivyo, nguvu hiyo ni ya ziada isiyofaa. Ili libebe mzigo wake wote tairi hilo hudai kanieneo ya kilopaskali 450 hivi. Likijazwa kiasi hicho chini ya gari jepesi, eneo la kugusa ardhi husinyaa. Likijazwa kidogo, bado bavu zake nene hubaki ngumu, na gari hurukaruka juu ya makorongo badala ya kuyafuata. Tena alama yake ya mwendo kwa kawaida ni Q au R, yaani kilomita 160 au 170 kwa saa, ambayo ni chini ya H iliyowekwa na kiwanda. Tairi bora kwa gari moja laweza kuwa duni kwa gari jingine.

Alama za mzigo ni jedwali maalumu, wala si kilo zenyewe. Alama 78 ni kilo 425, 84 ni kilo 500, 88 ni kilo 560, na 91 ni kilo 615. Alama za mwendo nazo hupanda hivi: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, na V ni 240. Kanuni ni moja: tairi jipya lisiwe na alama ya mzigo wala ya mwendo iliyo chini ya ile aliyoitaka mtengenezaji wa gari.

Upana wa rimu nao una mipaka. Tairi la upana wa 195 huhitaji rimu isiyopungua inchi 5 au 5.5, kwa kadiri ya maelekezo ya mtengenezaji. Likibanwa katika rimu ya asili ya inchi 4.5, bavu zake hujipinda kuelekea ndani, katikati yake huvimba, na gari huyumba katika kona. Kwa hiyo mwenye 240Z anayeshikilia rimu zake za awali hana budi kutafuta tairi la 175/80R14, ambalo ndilo jina la kisasa la saizi ile ile, akihakikisha alama ya mwendo. Anayetaka 205/60R15 atafute kwanza rimu ya inchi 15 yenye upana wa inchi 6, yenye nafasi ile ile ya nati na kina kile kile cha kukaa.

Upana na udongo

Wengi huamini kwamba tairi pana hugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi. Hesabu ya mwanzo wa makala haya yaonyesha kwamba, kwa makadirio, eneo hutegemea mzigo na kanieneo tu. Tairi pana lenye hewa ile ile hubadilisha umbo la eneo hilo: huwa fupi na pana, badala ya refu na jembamba. Umbo pana husaidia katika kona juu ya lami kavu. Juu ya lami yenye maji, umbo refu na jembamba huyapasua maji kwa urahisi zaidi, ilhali lile pana huwa na maji mengi zaidi ya kuyaondoa mbele yake, na mwendo ukizidi huelea.

Nje ya lami jambo hili huonekana wazi. Mikoa ya kusini mwa ziwa ina udongo wa luseni, ambao ni kichanga, katika miinuko, na udongo mweusi wa mbuga, ambao hunata mno wakati wa masika, katika mabonde. Katika tope la juujuu lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hukata hadi likaipata ardhi ngumu. Katika mchanga mkavu na mwingi, eneo kubwa ndilo linalotakiwa, nalo hupatikana kwa kupunguza hewa kwa muda.

Hewa na umri wa mpira

Mwanza ipo mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya angahewa hapo ni kama kilopaskali 88, ilhali Dar es Salaam ni 101. Kipimo cha fundi huonyesha tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na ile ya nje. Gari lililojazwa kilopaskali 193 pwani litaonyesha 206 litakapofika Mwanza katika halijoto ile ile, ingawa hakuna hewa iliyoongezwa. Hewa ipimwe upya asubuhi, tairi likiwa baridi.

Hatimaye, gari la zamani hutembea kidogo, hivyo matairi yake huzeeka kabla ya kwisha. Joto, oksijeni na jua hukausha mpira na kuupasua hata kama meno yake bado ni marefu. Tarehe ya kutengenezwa huandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319, kwa mfano, ni juma la 23 la mwaka 2019. Saizi sahihi iliyokaa rafu kwa miaka mingi si ununuzi mzuri.

Utaratibu wa kuchagua

Kwa muhtasari, mchaguzi aanze na kitabu cha gari, ajue saizi ya asili na rimu yake. Pili, akokotoe mzingo wa tairi analopewa na kulikataa iwapo tofauti inazidi asilimia 3. Tatu, alinganishe alama za mzigo na mwendo. Nne, ahakikishe upana wa rimu unakubaliana na tairi. Tano, ageuze usukani hadi mwisho kila upande na kutazama kama tairi linagusa kitu. Sita, asome tarehe. Magurudumu manne yavae saizi ile ile, isipokuwa kiwanda kimeagiza vinginevyo. Kazi yote huhitaji kalamu, karatasi na dakika kumi.

Mazoezi

1. Gari dogo lilitoka kiwandani na matairi ya 165/80R13. Dukani lipo 175/70R13. Tafuta vipenyo vyote viwili na tofauti ya asilimia. Je, tairi hilo linakubalika kwa kipimo cha asilimia 3?

2. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi. Ukichukua mita 3,000, gurudumu lenye tairi la 175R14 litazunguka mara ngapi toka ncha hadi ncha? Na la 205/75R15? Gari lenye matairi haya ya pili, ambalo spidomita yake haikurekebishwa, litahesabu kilomita ngapi?

3. Weka alama ya chaki kwenye tairi la baiskeli na sakafuni. Sukuma baiskeli mpaka alama ya tairi irudi chini, kisha pima umbali. Rudia ukiwa umeketi juu ya baiskeli, mwenzako akikusukuma. Eleza kwa nini vipimo viwili hutofautiana.

Majibu: (1) milimita 594.2 na 575.2, pungufu kwa asilimia 3.2; halikubaliki. (2) mara 1,502, mara 1,387, kilomita 2.77. (3) Uzito wa mpandaji hubonyeza tairi, nusu kipenyo hupungua, na mwendo wa mzunguko mmoja hupungua pamoja nacho.